Baiskeli ya Mkanda Katika Mchanga wa Kalemie

Mkanda wa baiskeli haupakwi mafuta. Naanza na hilo kwa sababu mkono wa fundi aliyezoea cheni, akisikia kitu kinazunguka na kulia, hukimbilia kopo la mafuta kabla mdomo haujauliza swali. Kwenye cheni mkono huo una haki, maana pale chuma kinasuguana na chuma. Kwenye mkanda hakuna cha kulainisha. Mafuta yatabaki juu ya meno yakisubiri mchanga, na hapa Kalemie mchanga hausubiriwi kwa muda mrefu: unatoka ufukweni, unatoka kwenye barabara za udongo, unatoka kwenye kingo za mto Lukuga pale unapoliacha Ziwa Tanganyika kuelekea Lualaba. Mafuta na mchanga vikikutana huwa msasa, na msasa huo unakula puli na mkanda kwa pamoja.

Kazi yangu ina pande mbili. Natengeneza mashine za kusagia mahindi na muhogo, na natengeneza kinga, yaani baiskeli. Kwa hiyo mikanda naijua tangu zamani, na baiskeli nazijua tangu zamani, ila vitu hivi viwili kukutana kwenye chombo kimoja ni jambo ambalo hapa kwetu bado ni geni. Baiskeli za mkanda ni chache mjini. Huja na wageni: watumishi wa mashirika, wasafiri wanaofuata ziwa kwa pedali wakitoka nchi moja kwenda nyingine. Mgeni akiondoka, baiskeli hubaki. Anampa mlinzi, anamwachia mpishi, au anaiuza kwa bei ambayo mnunuzi anaona ni bahati. Kisha siku moja inaanza kulia, na mnunuzi anagundua kwamba hakuna mtu mtaani aliyewahi kuifungua.

Ndiyo maana naandika haya. Chombo hiki ni kizuri, kinadumu, na sitaki kukiona kinauawa kwa tiba ya ugonjwa wa chombo kingine.

Kwanza tuelewe mkanda huu ni mkanda gani. Ule wa mashine ya kusaga una umbo la V. Unajibana kwenye mfereji wa puli na kuvuta kwa msuguano. Mzigo ukizidi unateleza, harufu ya mpira inajaa kibandani, na mwenye mashine anajua apunguze mahindi au akaze mkanda. John Gates aliuleta mkanda wa V sokoni mwaka 1917 huko Denver, Marekani. Kampuni yake ndiyo inayotengeneza mkanda wa baiskeli unaojulikana kuliko yote leo, Gates Carbon Drive. Hata hivyo huo wa baiskeli haufanyi kazi kwa msuguano. Una meno upande wa ndani, na kila jino linaingia kwenye nafasi yake juu ya puli ya chuma. Umbali kutoka jino hadi jino ni milimita 11. Mwili wake ni plastiki ngumu iitwayo poliurethani, na ndani ya mwili huo zimelazwa nyuzi za kaboni zinazozunguka mkanda mzima. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba nguvu ya miguu yako. Hazirefuki.

Cheni, kwa upande wake, hurefuka. Hans Renold alipata hataza ya cheni ya rola mwaka 1880 akiwa Manchester, Uingereza, na umbo alilolibuni ndilo hilo tunalolitumia mpaka leo kwenye baiskeli za Phoenix za sokoni. Kila pini inazunguka ndani ya bomba lake dogo, na pini na bomba hulika. Ukiona cheni imelegea, chuma chenyewe hakijavutika; ni ule ulaji mdogo kwenye pini zaidi ya mia moja uliojikusanya. Mkanda hauna pini. Hauna kutu pia. Mtu anaweza kupanda akiwa na suruali nyeupe ya kanisani na akafika nayo nyeupe. Na ukiwa mzima, kelele yake karibu huisikii.

Lakini kila kizuri hicho kimelipiwa mahali pengine. Mkanda hauna kiungo cha kufungua. Umetoka kiwandani ukiwa duara kamili, hivyo fremu yenyewe lazima iwe na mahali pa kufungukia, kwa kawaida karibu na ekseli ya nyuma, ambapo bomba la fremu limekatwa na kuunganishwa tena kwa boliti. Mkanda haupendi kupinda kwenda kando, kwa hiyo gia zile za kuhamisha cheni kutoka sahani moja hadi nyingine hazifai. Gia zinafichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, kama zile za Shimano au Rohloff, au ndani ya boksi kwenye kranki, kama za Pinion. Na urefu wa mkanda hauongezwi wala haupunguzwi. Ukihitaji wa meno 115, wa meno 118 hautakusaidia.

Sasa nieleze jinsi ya kutafuta ugonjwa, na nitatumia baiskeli ya mwalimu mmoja wa sekondari anayekuja mjini kila siku kutoka upande wa Lubuye. Aliinunua kwa mtaalamu wa kilimo aliyekuwa anarudi kwao.

“Papa,” aliniambia, “kinga hii nilipoinunua ilikuwa kimya. Sasa inalia mpaka wanafunzi wanajua nimefika. Na nikipanda mlima inaniruka, karibu niangukie usukani.”

“Umeipaka nini, mwalimu?”

“Mafuta ya injini. Yule aliyeniziba pancha alisema imekauka.”

Hapo kuna malalamiko mawili, kulia na kuruka, na fundi asiyeyatenganisha atapoteza mchana mzima. Kulia ni habari ya uchafu, mstari uliopinda au boliti iliyolegea. Kuruka ni habari ya mkanda kulegea, meno kulika, au gia kuteleza ndani ya kitovu. Yanaweza kuja pamoja na kila moja likawa na chanzo chake.

Kwa kulia, naanza na sikio na hesabu. Puli ya mbele ya mwalimu ina meno 50, ya nyuma 22, na mkanda una 115. Pedali zikizunguka mara moja, puli ya nyuma inazunguka mara mbili na robo hivi, na mkanda wenyewe haujamaliza hata nusu ya mzunguko wake. Kutokana na hesabu hiyo unaweza kujua sauti inakaa wapi kabla ya kushika spana. Ikirudi mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, iko mbele: pedali, mkono wa kranki, boliti za puli, gololi za kranki. Ikirudi haraka kuliko miguu yako, iko nyuma. Ikirudi polepole, yaani uzungushe pedali zaidi ya mara mbili ndipo uisikie tena, iko kwenye mkanda wenyewe. Zungusha kwa mkono, jino baada ya jino, na utakuta jino lililokatika au kijiwe kilichojibana. Na kama sauti haina mapigo, ni mlio mmoja mrefu usiokatika, basi mkanda unasugua ubavu wake mahali fulani au umejaa vumbi.

Hesabu hii ni muhimu kwa sababu mkanda husingiziwa sana. Nimeletewa baiskeli za kila namna ambazo mwenyewe anaapa sauti inatoka kwenye mkanda au cheni, kumbe ni pedali iliyokauka, au nguzo ya kiti inayolia kila mtu anapoegemea. Dawa yake ni rahisi: simama juu ya pedali bila kukaa. Sauti ikinyamaza, achana na mkanda, fungua nguzo ya kiti, ifute, ipake grisi.

Mlio wa mwalimu haukuwa na mapigo. Nikakaa chini nyuma ya gurudumu, jicho moja nikiwa nimelifumba, nikaangalia mkanda unavyokwenda kutoka puli hadi puli. Haukuwa sawa. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekaa upande mmoja mbele kidogo kuliko upande wa pili. Huyo aliyeziba pancha aliondoa gurudumu, akalirudisha kwa makadirio, akakaza nati. Kwa cheni ya Phoenix kosa hilo linasameheka. Cheni inajipindisha kidogo na safari inaendelea. Mkanda wa Gates wa aina ya CenterTrack una mfereji katikati, na puli zina ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji huo. Hautoki kirahisi, lakini ukipinda unaegemea ukingo, unasugua kila mzunguko, unalia, na baada ya muda upande mmoja unalika na mwingine unabaki mpya. Kumbuka pia kwamba juu ya yote hayo kulikuwa na mafuta ya injini yaliyoshika mchanga mpaka mabonde ya puli yamejaa rangi nyeusi.

Kuhusu kuruka, kuna jaribio moja ambalo kila mtu anaweza kulifanya na mwenzake. Mmoja ashike breki ya nyuma kwa nguvu, gurudumu lisisogee. Asukume pedali taratibu kwa uzito wa mguu. Mwingine achuchumae nyuma na kuangalia puli ndogo. Kama mkanda unapanda juu ya meno na kuruka, tatizo ni mkanda: umelegea, au meno yamekwisha. Kama mkanda na puli vinakwenda pamoja vizuri huku gurudumu limesimama, tatizo liko ndani ya kitovu, gia haishiki. Kwenye vitovu vingi vya Shimano vya gia nane unaweka gia ya nne, kisha unatafuta mistari miwili midogo ya rangi pale waya wa gia unapofika. Isipolingana, unazungusha kirekebishi cha waya mpaka ilingane. Ni kazi fupi sana. Inasikitisha kuona mtu anaagiza mkanda mpya kutoka mbali wakati alichohitaji ni kulinganisha mistari miwili.

Kwa mwalimu, mkanda ulipanda meno. Ulikuwa umelegea.

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mkanda unakazwa kwa kusogeza gurudumu nyuma kwa skrubu zilizo kwenye masikio ya fremu, au, kwenye baiskeli nyingine, kwa kuzungusha kipande cha kranki kilichotobolewa nje ya kitovu chake. Mkanda ukilegea unaruka, na kila ukiruka mvuto wote wa mguu unashtukia meno machache na kuumiza nyuzi. Ukikazwa kupita kiasi hauruki, lakini unavuta ekseli na kranki mchana kutwa, pedali zinakuwa nzito, na gololi za kitovu zinakufa kabla ya wakati wake. Mafundi wa cheni tuna tabia ya kulegeza. Mafundi wa mashine za kusaga tuna tabia ya kukaza mpaka mkanda utoe mlio. Tabia zote mbili ziachwe mlangoni.

Watengenezaji wameweka programu ya simu kwa kazi hii. Unaupiga mkanda kwa kidole katikati ya puli mbili, simu inasikiliza mtetemo na kukuonyesha ni hezi ngapi, halafu unalinganisha na kiwango walichokipanga kwa baiskeli ya gia moja au ya gia za kitovuni. Mwalimu anayo kwenye simu yake, na kwa kweli inafanya kazi vizuri hata chini ya mwembe wenye kelele za pikipiki, mradi usubiri zipite. Asiye nayo atumie gumba: bonyeza katikati ya upande wa juu, mkanda ukubali kidogo kisha ukatae. Lakini usipime mahali pamoja. Puli hazina mduara mkamilifu, kwa hiyo zungusha pedali robo, pima, robo nyingine, pima tena, na kiwango chako kiwe kile cha mahali ambapo mkanda umekaza zaidi. Fundi anayepima mara moja anaweza kukuta mahali palipolegea, akakaza, na robo ya mzunguko mbele yake mkanda ukawa unavuta kupita kiasi.

Mstari nao unanyooshwa wakati huohuo. Mimi natumia uzi wa fundi seremala, nauvuta kutoka ubavu wa puli ya mbele hadi ubavu wa puli ya nyuma. Kisha nazungusha pedali kinyumenyume na kutazama: mkanda ukikimbilia kushoto au kulia, nasogeza skrubu ya upande mmoja kidogo sana na kurudia. Nikishamaliza naweka alama ya rangi kwenye skrubu na kwenye fremu. Alama hiyo ni ya yule atakayeziba pancha baada yangu.

Na afadhali asiondoe gurudumu kabisa. Hili tunalijua sote tuliokulia kwenye ziba-ziba za barabarani: pindua baiskeli, toa ukingo wa tairi upande mmoja, vuta mpira wa ndani nje, tafuta tundu kwenye beseni la maji, sugua, gundi, kiraka, rudisha. Ekseli haijaguswa. Kwa baiskeli ya mkanda fanya hivyo kwa upande usio na mkanda, na mambo yote ya mstari na mkazo yanabaki yalivyo. Ujuzi wetu wa barabarani hapa unafaa chombo hiki kuliko ule wa duka kubwa unaoanza kwa kufungua nati.

Kama ni lazima gurudumu litoke, kwa mfano tairi limekwisha, legeza skrubu kwanza mpaka mkanda ulegee wenyewe, ndipo uutoe kwenye puli kwa vidole. Usiuchokonoe kwa bisibisi. Usiuzungushe juu ya meno kwa nguvu ya pedali kama tunavyofanya na cheni. Nyuzi za kaboni zina nguvu ya ajabu zikivutwa moja kwa moja, lakini zikikunjwa kwa kona kali zinavunjika, na zikivunjika ndani hutaona kitu nje. Mkanda utakaa wiki au mwezi, kisha utakatika mlimani. Kwa hiyo mkanda wa akiba haukunjwi mara tatu na kufungwa kwa kamba, haugeuzwi ndani nje, haupindwi kuwa nane ili uingie kwenye mfuko, na hautundikwi kwenye msumari pamoja na mikanda ya mashine ya kusaga. Unalazwa kwenye duara lake pana, mahali pakavu.

Kuhusu usafi sina mengi, na uchache huo ndio uzuri wa mkanda. Maji ya kawaida, brashi laini, safisha mabonde ya puli mpaka chuma kionekane, suuza, acha vikauke. Kwa ule wa mwalimu ilibidi nitumie maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kuondoa mafuta ya injini. Usielekeze maji ya mpira wenye nguvu kwenye kitovu, kwa sababu yakipenya yatakaa na gololi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi likiwa kavu kabisa, mkanda safi unaweza kulia kidogo. Suuza kwa maji, na kama una dawa ya kupuliza ya silikoni, puliza kidogo sana. Mafuta ya kula hapana, mawese hapana, grisi hapana.

Nikiwa hapo kwenye maji, niseme la mafuriko. Mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka likaingia mitaani na majumbani kwa watu, na baiskeli nyingi zilikaa majini. Watu walizianika juani, zikakauka nje, wakazipanda. Mkanda uliozama hauna shida. Usuuze mchanga na kazi imekwisha. Shida iko kwenye kitovu, kwenye kranki na kwenye shingo ya usukani, ambako maji yaliingia na tope lake. Baiskeli yoyote iliyozama, ya mkanda au ya cheni, ifunguliwe gololi zake, zioshwe kwa mafuta ya taa, zipakwe grisi mpya. Kitovu cha gia za ndani ni kazi ya mtu aliyewahi kukifungua, kwa sababu ndani mna meno madogo madogo na springi ambazo ukizipoteza hapa huzipati.

Utajuaje kwamba mkanda umekwisha? Tazama jino lililopasuka kwenye shina, jino lililokosekana, meno yaliyochongoka badala ya kuwa na kichwa kipana, au nyuzi zinazochungulia pembeni. Dalili yoyote kati ya hizo inatosha. Tazama na puli: meno ya chuma yakiwa membamba na yenye kona kali, puli hiyo itakula mkanda mpya upesi, kwa hiyo ibadilishwe pamoja nao. Puli za alumini hulika haraka kwenye mchanga kuliko za chuma cha pua, na puli ya nyuma, kwa kuwa ni ndogo na inazunguka zaidi, ndiyo hutangulia.

Vijana wananiuliza kama naweza kuwawekea mkanda kwenye Phoenix zao. Nawajibu hapana, na sijibu hivyo kwa uvivu. Fremu ya Phoenix haina mahali pa kufungukia. Itabidi ikatwe na kuwekewa kiungo, na fremu iliyokatwa na kuchomelewa na mtu asiyejua bomba lile ni jembamba kiasi gani itavunjika ikiwa na magunia mawili ya makala, yaani mkaa, juu yake. Mkanda wa mashine ya kusaga nao haufai hata kidogo: unateleza mguu unaposukuma polepole kwa nguvu nyingi, na ndivyo mguu unavyosukuma.

Tena wabebaji mizigo, wale wanaoingia mjini alfajiri na makala, muhogo, mahindi, wale wanaotoka na ndagala kavu kuelekea bara upande wa Nyunzu, mimi nasema wabaki na cheni. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Njiani hakuna mkanda, lakini kiungo cha cheni kipo kila soko, na cheni iliyokatika inapunguzwa pingili na kuunganishwa kwa jiwe na msumari. Hata baiskeli ya Buffalo, iliyobuniwa na World Bicycle Relief mahususi kwa mizigo na barabara za Afrika, inatumia cheni; toleo lake jipya la gia mbili lina cheni mbili, na unabadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma. Watu waliofikiria mambo haya kwa makini walichagua kitu kinachofunguka.

Ila cheni nayo inateswa bure. Mafuta machafu ya injini yanamwagiwa juu mpaka yanadondoka, kisha mchanga unakuja, na msasa ule ule niliousema unaanza kazi. Ioshe cheni kwa mafuta ya taa, ikauke, weka tone moja la mafuta masafi kwenye kila rola upande wa ndani, zungusha, halafu futa nje kwa kitambaa mpaka mkono usichafuke sana. Mafuta yanatakiwa ndani ya rola, nje hayana kazi. Na ipime. Chukua rula, anza katikati ya pini moja, hesabu mpaka pini ya 25. Cheni mpya itakupa milimita 304.8, yaani inchi 12. Ikifika 307, nunua nyingine. Ukiiacha ifike 308 na kuendelea, itakuwa imechonga meno ya friwili, na cheni mpya utakayoiweka juu ya meno hayo itaruka siku ya kwanza, nawe utalazimika kununua vyote viwili. Mbebaji akipima kila mwezi anaokoa fedha ya friwili. Kwa mtu anayesukuma baiskeli kwa mti uliofungwa kwenye usukani, fedha hiyo ni bukari, yaani ugali wa watoto.

Kwa nani basi mkanda unafaa hapa? Kwa mtu kama mwalimu: anabeba mwili wake na daftari, analala nyumbani kila siku, ana simu, na anaweza kuagiza kitu kabla hakijavunjika. Hilo la mwisho ndilo zito. Mkanda wa baiskeli hauko Kalemie. Unaagizwa kwa mtu anayetoka Lubumbashi, au unavuka ziwa kutoka Kigoma baada ya kusafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi, au unakuja kwenye begi la ndugu aliye Ulaya. Kila njia ina ucheleweshaji wake, na ukiagiza namba isiyo sahihi safari inaanza upya.

Kwa hiyo andika haya kwenye karatasi leo, wakati baiskeli ni nzima, umpe anayekwenda. Idadi ya meno ya mkanda. Imechapwa mgongoni mwake, na kama imefutika weka alama ya chaki uhesabu kwa mkono, mara mbili. Idadi ya meno ya puli ya mbele na ya nyuma. Jina la aina ya mkanda, kwa sababu ule wenye mfereji katikati hauvai puli zisizo na ukingo. Jina na namba ya kitovu cha nyuma, kwa kuwa puli inakaa juu yake na kila kitovu kina umbo lake la kushikia. Piga na picha ya puli zote mbili kutoka pembeni, rula ikiwa imewekwa karibu. Mwalimu alituma karatasi hiyo na mfanyabiashara aliyekuwa anavuka kwenda Kigoma, akaagiza mkanda mmoja na puli ya nyuma ya chuma cha pua. Vilipofika aliniletea, nami nilihesabu meno 115 kabla ya kufungua nati hata moja.